Usikae Hapo, Mama

Kabla mashua haijaingia majini, mama mkwe alikuwa ameshatoa nusu ya hukumu. Alisimama ufukweni, mkoba mkononi, chupa ya chai ya lita tatu kwapani, akaikagua mashua kuanzia mbele hadi nyuma kama mtu aliyeuziwa sufuria na sasa anatafuta tundu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama," akajibu mkwewe.

"Yote?"

"Yote, mama. Samahani."

Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu pembeni wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Neno hilo la mwisho ndilo walilomwitia kijana huyu. Samahani. Akimgonga mtu kwa kasia, samahani. Akigongwa yeye, samahani vilevile. Iko siku nanga ilimwangukia mguuni, na waliokuwepo wanaapa kwamba aliiomba nanga radhi.

Mama mkwe alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Alishika mwiko mrefu kama kasia, na sauti yake ilizoea kufika mwisho wa foleni bila kipaza sauti. Wiki nzima alikuwa mgeni wao, amelala kwenye chumba chao kimoja huku mkwe akilala kibarazani na nyavu zake, na wiki nzima macho yake hayakutoka kwenye mikono ya binti yake. Mikono ilikuwa na sugu za kamba. Alingoja mpaka asubuhi hii ya kuondoka, wakiwa bado nyumbani, akatamka kwa sauti ileile ya kugawa chakula:

"Nimeamua hivi. Sizunguki na barabara. Nitavuka na nyinyi mpaka ng'ambo, nikapande basi hukohuko, nione kwa macho yangu hicho mnachokiita kazi. Nikifika roho yangu imetulia, binti yangu, utarudi na mumeo na mimi sitafungua mdomo tena. Roho yangu ikifika juu juu, unapanda basi na mimi. Sikukusomesha uje uvute kamba."

Binti alicheka. "Mama nawe!"

Lakini Samahani, aliyekuwa mlangoni na viatu mkononi, aliona kitu kimoja. Mkewe alicheka, ila hakusema hapana.

Upepo wa asubuhi ulikuwa na adabu zake. Ulilijaza tanga bila kelele na mashua ikakata maji ya ghuba kama inajua inakaguliwa. Mkewe alikuwa mbele ameshika kamba ya tanga, Samahani nyuma kwenye usukani, na katikati, juu ya ubao wa abiria, mama mkwe amekamata kingo mbili za mashua kama vile yeye ndiye anayeizuia isipasuke.

"Kuyumba huku ni kwa kawaida?"

"Kwa kawaida kabisa, mama."

"Na huo mlio?"

"Ni mbao, mama."

"Zinalalamikia nini?"

"Ndiyo mazoea yake, mama."

Akaguna. Kwa mkwewe, guno lile lilikuwa kama alama za mtihani: hazijatosha kufaulu, ila bado hajafukuzwa.

Kosa la kwanza likaja hapo. Katikati ya ghuba kulikuwa na wavu wake, aliutega tangu jana. Mkewe aligeuka akamwonyesha kwa macho kwamba waupite, leo si siku yake. Na angeupita, lakini wavu ukilala sana kaa wanautafuna, halafu alitaka mama mkwe aone bahari inavyotoa. Akaelekeza mashua pale, akaanza kuvuta.

Bahari ikatoa. Ikatoa taa, yule samaki bapa, mpana kama meza ya chai, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na nyuma yake mkia kama mjeledi. Juu ya mkia huo umelala mwiba, urefu wa penseli, wenye meno pande mbili kama msumeno, na ndani ya mwiba ndimo ilimo sumu. Hakuna mvuvi wa ghuba ile asiyejua kinachofanyika: taa haingizwi chomboni na mkia wake. Unamshikilia ubavuni mwa mashua, panga linashuka, mkia unarudi baharini ulikotoka, ndipo mnaanza kuzoeana. Samahani alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kuliko mara alizokula chakula cha mchana akashiba. Panga lilikuwa tayari mkononi.

"Unataka kumfanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Kumkata kidogo, mama."

"Mbele yangu? Na anapumua hivyo?" Mama mkwe akafunika macho kwa kiganja. "Nimepika nyama maisha yangu yote, lakini siku ya kuchinja huwa natoka nje. Ngoja basi nishuke."

Panga likabaki hewani.

"Kata," akasema mkewe kutoka mbele, bila kupaza sauti.

Samahani akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Halafu akaliweka panga chini.

"Samahani, mama," akasema. Akamviringisha taa kwenye gunia lililolowa, mkia akaukunjia ndani, akamsukumia kati ya ubao wa abiria na miguu yake mwenyewe.

"Kata huo mkia, we bwana."

"Tukifika. Nimemfunga vizuri."

"Taa hafungwi."

"Tukifika, nimesema."

Mkewe akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, kisha akageuza uso kwenye tanga.

Jua lilipopanda, kivuli cha tanga kilihama. Kikatoka kwenye ubao wa abiria, kikaenda kutua nyuma yake, juu ya gunia. Mama mkwe akaanza kujipepea kwa mtandio. Akatazama mbele, hakuna kivuli. Akatazama nyuma, akaliona gunia limekunjwa, limelowa, lina baridi yake, kama mto uliowekwa na mtu mwenye heshima kwa ajili ya mgeni. Maskini, alishamsahau samaki. Akajiinua.

"Nitakaa hapa chini," akasema, akaanza kujishusha kinyumenyume.

Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu tu. Usikae hapo, mama. Mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini tangu aoe, Samahani alikuwa amemwambia mama mkwe ndiyo, karibu, shikamoo na samahani. Hajawahi kumwambia "usi" ya aina yoyote, wala hakujua ulimi unakaaje mtu anapoitamka kwa mkwe. Na hata angeitamka, angeulizwa kwa nini. Angejibu nini? Kwamba ameweka msumeno wenye sumu hatua moja kutoka kwa mtu anayepima kama chombo ni salama?

Ulimi ukagoma, mwili ukatangulia. Akaachia usukani, akateleza kwa magoti. "Mama, pana maji hapo, ngoja nikupanguse!" Akajitia kati ya mgeni na gunia.

Akatua pabaya. Gunia likafunguka, mkia ukapanda.

Mkewe alikuwa amewapa mgongo, anatafuta upepo. Mama mkwe alikuwa amegeuka nusu. Kwa hiyo hakuna aliyeona isipokuwa mwenyewe, naye hakuona, alisikia tu: kitu kimeingia kwenye paja, kwa ndani, juu kabisa, pale fundi cherehani anapoikutanisha miguu miwili ya suruali. Taa akajitupa, mwiba ukavunjika, kipande kikabaki na mwenye paja. Baada ya pumzi moja maumivu yakafika. Yalikuja kama maji yanayochemka yamemiminwa ndani ya mfupa.

"Nini tena? Mbona umeruka?"

"Nimeteleza, mama."

"Hujaumia?"

"Hapana, mama."

"Mtu mzima anateleza kwenye chombo chake mwenyewe," akasema mama mkwe, akarudi kwenye ubao wake.

Samahani akalisukuma gunia kwa kasia, akarejea kwenye usukani, akaketi kwa upande mmoja. Suruali ilikuwa nyeusi, tena imelowa tangu wakati wa wavu. Damu ikaingia humo bila kujitambulisha. Akapapasa kwa kidole. Kupitia kitambaa aligusa ncha ngumu, kama msumari uliosahauliwa na seremala. Jasho likamtoka mpaka kwenye kope.

Ndipo ukasikika mlio wa mashine. Boti ya abiria ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo, tupu, na kwenye usukani wake amesimama yule waliyemwita Redio kwa sababu hazimwi. Akapunguza mwendo, akasogea.

"Samahani! Leo umebeba watu wenye maana! Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu."

"Huyo kijana akikuzamisha usihofu, mama. Atakuomba radhi mpaka ufike chini!"

Mama mkwe akacheka. Kicheko kikubwa, cha jikoni, kilichomtikisa mabega, na kwa mara ya kwanza akaachia ukingo mmoja wa mashua. Samahani alikiona kicheko kile. Wiki nzima alikuwa akikitafuta kwa kuteka maji, kwa kuangua nazi, kwa kulala nje.

"Nikuvute?" akauliza Redio. "Upepo unakufa huko mbele, mimi nimetoka huko."

Angenyanyua mkono tu. Angesema nimechomwa, na mashine ile ingewafikisha nchi kavu kabla chai ya mama haijapoa.

"Tuko sawa," akasema.

"Una hakika? Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

"Jua."

"Haya, bwana jua. Safari njema, mama!"

Boti ikaondoka. Mawimbi yake yakaja moja moja kuipiga mashua ubavuni, na kila wimbi likawa nyundo juu ya msumari.

Redio hakusema uongo. Upepo ukapungua, ukatoa pumzi mbili za kuaga, ukafa. Tanga likaning'inia kama nguo ya mtu aliyekonda. Mashua ikaanza kugeuka upande, polepole, na hakuna aliyeirekebisha.

"Unaelekea wapi?" mkewe akauliza bila kugeuka. "We! Usukani!"

"Naona."

"Huyo samaki wenu anatoa damu," akasema mama mkwe akiinua miguu yake. "Tazama, maji yote ya chini yamekuwa mekundu. Mtaniharibia viatu."

Mkewe akatazama chini. Maji yaliyokuwa yakizungukazunguka kwenye sakafu ya mashua yalikuwa mekundu kweli. Akasimama palepale, kamba mkononi, akifikiri. Taa hakukatwa. Hakuguswa na panga, hakuguswa na kisu. Sasa hiyo damu ni ya nani?

Akaiachia kamba. Akampita mama yake kwa magoti mpaka nyuma, akachuchumaa mbele ya mumewe, akamwona uso. Ulikuwa na rangi ya jivu.

"Wapi?" akanong'ona.

"Hakuna kitu."

"Wapi?"

"Pajani."

"Nionyeshe."

"Haiwezekani." Macho yake yakaruka juu ya bega la mkewe, yakatua kwa mama mkwe, yakarudi. "Ni juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya juu."

Mkewe akaweka kiganja kwenye suruali, akakitoa, akakitazama. "Tangu lini?"

"Mama alipotaka kukaa kwenye gunia."

"Kabla ya Redio?" Sauti ilianza kumponyoka. "Redio amepita hapa na mashine nzima, amekuuliza mara mbili, ukamwambia jua?"

"Mama alikuwa amecheka," akasema Samahani.

Mkewe akamtazama kama mtu anayesoma jambo la ajabu kwenye kibao cha barabarani. Samahani akamshika mkono, vidole vyake baridi. "Usimwambie. Atakuchukua."

"Ukifa atanichukua vilevile. Tena mjane."

Halafu akageuka. "Mama, lete chai."

"Chai hii? Hii ni ya safari, mwanangu, basi lile halisimami mahali pa maana. Asubuhi mmekunywa vikombe viwiliviwili, nimewahesabia."

"Mama, mkweo amechomwa na taa. Mwiba umo ndani. Lete chai!"

Mama mkwe akawa kimya, jambo ambalo shule nzima isingeliamini. "Amechomwa wapi?"

Maji yakagonga mbao.

"Nimeuliza, wapi?"

"Mahali pa kufunika," akasema binti.

Samahani alitamani taa atoke kwenye gunia amalizie kazi yake.

Mama mkwe akaachia kingo zote mbili. Mwanamke ambaye tangu ufukweni hakuthubutu hata kukohoa kwa nguvu asije akapindua mashua, akashuka kwenye ubao, akatambaa kwa mikono na magoti ndani ya maji mekundu, viatu na vyote, chupa ya chai anaivuta nyuma yake. Akavua mtandio, akamtandikia mkwewe kiunoni.

"Geuza uso, baba. Tazama kule tulikotoka. Hunioni, sikuoni. Hapa pana mguu tu."

"Mama, samahani..."

"Nyamaza. Binti, kisu."

Suruali ikapasuliwa. Mwiba ulionekana kidogo tu, kipande cheusi kimesimama katikati ya nyama iliyovimba, na damu inapanda pembeni yake kwa mapigo.

"Sumu yake inashindwa na joto," binti akasema haraka, akichana ukingo wa mtandio vipande vipande. "Tunaweka kitambaa cha moto, moto ule anaoweza kuvumilia."

Mama mkwe akamimina chai kwenye kopo la kukumbia maji yaingiayo chomboni, akatumbukiza vidole. "Imepoa hii. Weka tu."

Kitambaa kikawekwa. Samahani akapiga ukelele uliowarusha ndege juu ya maji.

"Mama! Usipime kwa mkono wako, mkono wako ni sufuria! Nipe nipime mimi." Binti akachovya, akautoa mkono mbio. "Ongeza maji ya bahari kidogo. Hapo. Hapo sawa."

"Ina maziwa," mama mkwe akatahadharisha. "Na sukari."

"Iwe na chochote, mama."

Wakakanda, wakachovya, wakakanda. Taratibu pumzi ya mgonjwa ikaacha kukatika. Maumivu hayakuondoka, yalikaa tu chini badala ya kusimama. Ndipo akapata nguvu ya kusema: "Ung'oeni. Nawaombeni. Ung'oeni huo mwiba."

"Kweli," akasema mama mkwe. "Mwiba ni wa kutolewa." Kucha zake mbili zilikuwa zimeshaukamata.

"Usiguse!"

Neno lilipasuka juu ya maji. Mama mkwe akaganda. Hata Samahani, aliyeamriwa atazame kule walikotoka, akageuka kumwona mtu aliyetamka hivyo kwa mama.

"Una meno yanayotazama nyuma," binti akasema. "Ukiuvuta unatoka na nyama, na hapo karibu pana mshipa mkubwa. Sasa hivi huo mwiba ndio kizibo. Ukitoka, hatufiki popote."

Wakatazamana, mama na mwana, kila mmoja na damu mpaka kwenye viwiko.

"Haya," akasema mama mkwe, kwa sauti ndogo ambayo Samahani hakujua kama anayo. "Nishike wapi?"

"Huku na huku ya mwiba. Kandamiza. Usiuguse wenyewe, na usiachie hata nikikuita."

Gunia likajigeuza. Binti akalikandamiza kwa ubao, akavuta mkia kwa ndoana, akaokota panga. "Fumba macho, mama."

"Kata!"

"Anapumua bado..."

"Nimesema kata!" Macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Panga likashuka. Mkia ukaenda majini.

Binti akaketi kwenye makasia. Ufukwe wa ng'ambo ulionekana vizuri, hata paa za bati zilikuwa zinametameta, na ndiyo iliyokuwa adhabu: unaona milango ya watu na huwezi kuifikia. Maji yalikuwa yanatoka kuelekea nje ya ghuba. Kila akipiga makasia mara tatu, bahari ilimnyang'anya moja.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, mikono yake miwili juu ya paja la mkwewe, uso umegeuzwa pembeni kwa heshima, kama mtu anayekanda unga gizani. Mtandio ulikuwa umelowa. Alipobadilisha magoti kidogo, damu ikachomoza kati ya vidole; akakandamiza zaidi, hakubadilisha tena.

"Usilale," akasema.

"Silali, mama."

"Macho umefumba."

"Naona haya, mama."

"Fumbua. Haya tutazionea nchi kavu. Niambie, kwa nini ulikaa kwenye samaki ambaye unajua ana mwiba?"

Mkwewe akafumba macho tena.

"Nakuuliza wewe. Usilale!"

"Ulikuwa unataka kukaa wewe, mama."

Makasia yakapiga, yakatoka, yakapiga. Mama mkwe akautafuna mdomo wake wa chini.

"Ungesema usikae."

"Nisingeweza."

"Nina meno ya mamba mimi?"

"Wewe ni mama mkwe."

Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayetaja siku ya wiki, na mama mkwe ikamwingia hivyohivyo.

"Watoto wale shuleni," akasema, "wananiogopa wakiwa na sahani. Wakishapata chakula wananiigiza ninavyotembea, na mimi nawaona, nanyamaza. Nilidhani kuogopwa kwangu kunaishia hapo. Sikujua mtu anaweza kuniogopa mpaka damu imwishie kimya kimya nimeketi mbele yake nalalamikia viatu."

"Samahani, ma..."

"Ukilitamka neno hilo tena nakuachia mguu."

Alisema hivyo, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi na hakuachia. Mkwe akaanza kutetemeka, jua kali lile, meno yanagongana. Midomo ikawa myeupe. Aliulizwa jina la mkewe, akakosea, akataja la dadake.

"Piga, mwanangu!" mama mkwe akaita bila kugeuka. "Piga hizo kamba zako!"

"Ni makasia, mama!"

"Piga yoyote!"

Binti akapiga. Sugu zilikuwa zimepasuka, mpini wa kasia unateleza kwa maji yasiyo ya bahari. Mama mkwe aliutazama mgongo wa binti yake unavyoinama na kurudi, unavyoinama na kurudi, na mashua ile ndogo, isiyo na lolote la kujivunia, ikafuata mgongo huo mpaka mchanga ukakwaruza chini yake na wapagazi wa ufukweni wakaingia majini kuwapokea.

Kwenye kituo cha afya walimlaza nyuma ya pazia la kijani. Daktari, kijana mwenye usingizi machoni, alitumia kisu na muda mrefu, akautoa mwiba kwa kuufuata, si kwa kuuvuta, akaufunga mshipa mdogo uliokwaruzwa. Mkubwa ulikuwa pembeni kabisa. Aliwaonyesha kwa kucha ya kidole cha mwisho ulikuwa pembeni kiasi gani.

"Nani aliwaambia msiuchomoe?"

Mama mkwe akamwelekezea kidole binti yake, na kidole kile kilikuwa bado hakijanyooka vizuri.

"Ungechomolewa baharini mngeniletea maiti. Sasa, kidonda cha taa kinaoza upesi. Kioshwe kila siku, dawa asiruke, na maji ya chumvi asiyakanyage mpaka nyama ifunge."

Samahani aliamka na kuzikuta sauti mbili upande wa pili wa pazia.

"Roho yangu haikutulia," mama mkwe alikuwa anasema. "Nisidanganye. Iko juu juu, iko hapa kooni. Kwa hiyo ni vilevile nilivyosema. Leo mtu anapanda basi na mimi."

Samahani akafumba macho. Basi, akajiambia. Ndivyo inavyoisha.

"Mimi siendi, mama," akasema mkewe. "Ningekwambia asubuhi. Nilicheka tu kwa sababu nilidhani unaelewa. Ile mashua ni yangu pia. Siendi."

"Nani amekuita wewe?"

Pazia likavutwa. Mama mkwe alikuwa amesimama, nguo imekauka damu mpaka kifuani, chupa tupu ya chai kwapani.

"Wewe," akamwambia mkwewe. "Jiandae."

"Mimi, mama?"

"Kidonda kinaoshwa kila siku. Kwangu maji ya moto yapo saa zote na shule ina muuguzi. Huyu ana chombo cha kuendesha, ataacha lini kazi akuoshe paja? Utakaa kwangu mpaka upone. Chumba kiko karibu na changu, ukiumwa nitasikia."

Samahani akaliona lote kwa mpigo mmoja: kulala ukweni, kula ukweni, kuoshwa ukweni, kila asubuhi, mahali pale. Wavuvi watatunga wimbo. Redio atautangaza. Akamtazama mkewe aje kumwokoa, lakini mkewe alikuwa ameegemea ukuta, mikono imefungwa bandeji, anacheka na machozi yanamshuka.

"Kama hutaki, sema," mkewe akamwambia. "Mdomo unao."

Mdomo alikuwa nao. Ukafunguka, ukafungika. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo.

"Hapana, mama," akasema Samahani. Ilitoka na kikohozi. Akarudia, safari hii ikasikika mpaka kwenye foleni ya dawa. "Hapana! Mimi sitaki."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama anapoonja chumvi na kuikuta imekolea.

"Nimekusikia," akasema. "Na umesema vizuri, kila mtu amesikia. Sasa vaa, basi haliningoji."

Walimlaza kwenye kiti cha nyuma cha basi, mguu umenyooshwa juu ya mapaja ya mama mkwe na mkoba umewekwa chini ya kisigino. Barabara ilipanda kilima, na kwenye kona ghuba nzima ikajifungua upande wa dirisha. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka. Tanga moja lilikuwa linatoka ufukweni, dogo, na chini yake mtu mmoja.

"Mbona anakwenda upande?" akauliza mama mkwe, shingo imetoka dirishani. "Nyumbani ni kule."

"Upepo unatoka kule, mama. Lazima aende kwa kupinda."

"Kwa mikono ile?"

"Kwa mikono ile."

Tanga likageuka, likainama, likashika upande wa pili. Mama mkwe alilifuata kwa macho mpaka vumbi likaja dirishani.

"Atafika salama?"

Asubuhi angejibu kabla swali halijaisha. Samahani akayatafuta maneno, akayakuta machache.

"Sijui, mama," akasema. "Anajua kazi yake. Zaidi ya hapo sijui."

Mama mkwe hakuguna. Aliurekebisha mguu juu ya mapaja yake, akaushika kwa mikono yote miwili, basi likaingia kona ya pili.